Kabari ya Landrova ya Bwana Nassoro

Harufu ya gundi ndiyo iliyonitoa jikoni. Nilikuwa naparua samaki, migebuka ya ziwani, nyumbani kwa binti yangu, hapa Mwanga mjini Kigoma, nikasikia harufu kali yenye utamu kidogo, inapanda puani mpaka machoni. Nikafuta mikono kwenye khanga, nikaenda sebuleni kuona nani anataka kutuchomea nyumba. Nikamkuta mkwe wangu Yusufu, mtu mzima na kitambi chake, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Kigoma kutoka Tanga, amepiga magoti sakafuni mbele ya boksi kama mtoto aliyeletewa viatu vya Idi.

Boksi lile tulikuwa tumelisubiri nyumba nzima tangu mvua hazijaanza. Kila jioni Yusufu akirudi kazini, akishaniamkia tu, anashika simu kuangalia limefika wapi. Binti yangu Zainabu akawa anamtania: "Mke mwenzangu bado yuko baharini?" Naye anajibu bila aibu, "Keshateremka Dar, anatafuta treni." Sasa mke mwenza alikuwa amefika. Ndani kulikuwa na vipande vya plastiki vya gari, vidogo vidogo, vimeshikana kwenye vijiti vyake kama mishikaki, na karatasi ya kuonyesha kipi kinaingia wapi. Juu ya boksi pamechorwa gari lenyewe.

Landrova. Ile ya zamani kabisa, ambayo taa zake mbili zilikaa katikati, karibu karibu, kama macho ya bundi, kabla hawajazihamishia kwenye madigadi.

Nikamuuliza kwa nini kitu kidogo hivi kimechukua muda wote ule njiani. Akafurahi kuulizwa, maana mle ndani hakuna mwingine anayemuuliza.

"Njiani halikukaa sana, mama. Lilichelewa kutengenezwa. Walipotoa picha za kwanza, watu wanaoyajua magari haya wakaona taa zimeachana zaidi ya zile zenyewe. Unywele tu, lakini si sahihi. Wakapiga kelele. Kiwanda kikavunja kalibu, kikaanza upya."

"Kwa gari la kuchezea?"

"Kwa gari la kuchezea, mama. Tena wakaomba radhi."

Nikakaa kwenye kochi na mikono yangu inanuka samaki. Yusufu akadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimerudi Ujiji ya utoto wangu, na ngoja niwaambie nilimkuta nani huko, kwa sababu waliotakiwa kuyasema haya kabla yangu wamekufa wamefunga midomo.

Mimi ni Mwajuma, binti wa Kasimu dereva. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikiandika vibaya mnisamehe, ila niliyoyaona niliyaona. Sisi watoto wa Ujiji wa wakati ule tulikuwa na viwanda vyetu vya magari. Bodi tulichonga kwenye shina la kuti la mchikichi, ambalo likikauka ni jepesi kama boya na kisu kinapita bila ugomvi. Magurudumu tulikata kwenye ndala zilizokufa, na zisipokufa upesi tulizisaidia. Taa zilitokana na vifuniko vya chupa za dawa, na vioo na karatasi za pipi zinazong'aa. Usukani ulikuwa waya mrefu unaokuja mpaka kifuani kwako, unaendesha huku unakimbia, na mdomo ndio injini.

Lakini gari la Ujiji halikuwa gari tu. Kila mtoto alikuwa na gari lake la kweli pale mjini analoliiga, na sharti lifanane nalo. Tena lifanane mpaka ubovu wake. Kama gari lenyewe limebonyea mlango, nawe ubonyeze. Kama taa moja imekufa, la kwako nalo liwe na chongo. Idi pili tulikutana uwanjani karibu na soko, na hapo ndipo magari yalipokaguliwa. Mtoto mmoja anasimama anaita sehemu za gari lile la kweli, wengine wote wameinama wanaangalia la kuchezea, wanaitikia. Likipita wanapiga kelele "La kweli!" Ukiwa umelipamba au umeficha kitu wanapiga kelele "La uongo!", na mwenye gari la uongo alitaniwa mpaka Idi inayofuata. Kuna Shabani mmoja aliliwekea lori lake la kuchezea kioo ambacho lori lenyewe la mzee wake halikuwa nacho. Mpaka anaoa watu walikuwa wanamwita Kioo.

Fundi wa mafundi alikuwa kaka yangu Ramadhani. Rama hakuwa na maneno mengi, ila macho yake yalikuwa rula. Anaweza kukaa chini ya mwembe wa jirani kutwa nzima anatazama baiskeli imeegeshwa, mpaka mwenye baiskeli anaanza kuwa na wasiwasi. Mimi nilikuwa msaidizi wake wa kukata ndala. Wasichana wenzangu walinicheka, lakini kucheza rede mimi sikuweza, nilikuwa mzito.

Basi ikaja habari kwamba tajiri wa baba, Bwana Nassoro, amenunua landrova huko Tabora, na baba anaifuata. Bwana Nassoro alikuwa na duka la jumla, anachukua mawese na dagaa vijijini, na mpaka siku ile mizigo yake ilikuwa inabebwa kwa magari ya kukodi. Hilo sasa lingekuwa gari lake la kwanza, na mwenye kuliendesha ni baba yetu. Mnaelewa maana yake? Rama aliacha kula vizuri. Alitayarisha makuti akayakausha juu ya bati, akaomba ndala kwa majirani, na usiku tukilala ananiuliza, "Mwaju, unadhani taa zake ziko katikati au pembeni?" Nami sijui, nasema katikati. Anageuka upande, anafikiri, ananiuliza tena. Sijawahi kumwona mtu akisubiri kitu namna ile, labda huyu Yusufu.

Siku ya treni tulikwenda stesheni Kigoma kwa miguu na mama. Landrova ilikuwa imefungwa kwa minyororo juu ya behewa la wazi, ya kijani iliyopauka, ina vumbi la nchi nzima. Taa katikati. Rama alimpita baba kama anapita nguzo, akaenda kuzunguka behewa na kamba yake ya kupimia, anafunga mafundo. Baba akacheka sana.

"Rama! Leo shikamoo hakuna? Basi liamkie hata gari!"

Nakikumbuka kicheko kile. Baba alikuwa mwembamba, amevaa kofia ya kufuma, na alipocheka mabega yote mawili yalipanda masikioni.

Landrova ilikuwa na injini nzuri na ugonjwa mmoja. Breki. Ya mkono haikuwepo kabisa, umebaki mti wake wa kuvutia tu. Ya mguu unakanyaga mara nyingi kama unapiga pampu ya baiskeli ndipo inakuja, na siku nyingine inakuja ikipenda. Baba alichonga kabari ya mti wa mninga, pana nyuma na nyembamba mbele, akaifunga kamba na kuining'iniza chini ya kiti. Kila aliposimama, injini bado inanguruma, alishuka kwanza kuisukumia kabari chini ya gurudumu ndipo amsalimie mtu. Mama mkubwa wetu kule Kidahwe alikuwa anamsalimia kwa Kiha, "Mwakeye, shemeji? Naona gari lako umelifunga kama mbuzi." Baba anapandisha mabega, anacheka.

Lakini kwa Bwana Nassoro hakucheka. Nilikuwepo, nimetumwa chumvi dukani. Baba alisimama mbele ya kaunta amevua kofia.

"Bwana, nimekuja tena kwa habari ya breki."

"Kasimu, gari linatembea au halitembei?"

"Linatembea, Bwana. Kusimama ndiyo tabu."

"Mimi sikununua gari la kusimama."

Watu dukani wakacheka. Fundi Edwadi, aliyekuwa akiyatengeneza magari ya matajiri pale mjini, alikuwa amekaa juu ya gunia la sukari anakunywa soda ya Bwana Nassoro. Yeye alijua breki ile ilivyo kuliko mtu yeyote, kwa sababu alishailalia chini mara kadhaa. Akasema, "Dereva mzuri anasimamisha kwa gia." Haya, nimewataja. Nassoro na Edwadi. Wana watoto na wajukuu hapa mjini, tunasalimiana vizuri, na mimi simdai mjukuu dhambi ya babu. Lakini jina la mwenye tendo nitalitaja mpaka nizikwe.

Landrova ya Rama ilichukua Ramadhani nzima kuisha. Mwezi wa jina lake, akasema una baraka. Tulikaa tumefunga, matumbo yananguruma, tunachonga. Mafundo ya ile kamba aliyahesabu akayagawa mpaka kila kitu kikawa na kipimo chake, upana wa mlango, urefu wa kioo, na nafasi ile ya taa na taa aliirudia mpaka akafurahi. Rangi ya kijani tulitwanga majani, ikatoka yenyewe imepauka, tukamshukuru Mungu. Mwisho kabisa, siku gari limekamilika, akachukua kipande cha mninga kilichobaki kwa baba, akachonga kabari ndogo kama kokwa ya mchikichi, akaifunga uzi, akaining'iniza chini ya kiti. Baba alipoiona aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza geuza. "Hujaacha kitu," akasema.

Idi pili uwanja ulijaa. Shabani Kioo ndiye aliyekuwa mwitaji, ana sauti ya mnada.

"Taa!"

"Katikati!"

"Bampa la mbele!"

"Limepinda kushoto!"

"Breki ya mkono!"

"Hamna! Mti mtupu!"

"Kabari!"

Rama akaivuta kwa uzi, akaiweka chini ya gurudumu la mbele, akarudi nyuma akakunja mikono. Uwanja ukapasuka. "La kweli! La kweli!" Watu wazima nao wakaja kuangalia, wakashika mbavu, mtu mmoja akasema, "Nassoro ana gari, lakini breki yake ni kuni!" Na kicheko kikazunguka uwanja mzima kikarudi tena.

Bwana Nassoro alikuwa pale pale. Kanzu nyeupe, mkono mmoja una pipi za kugawia watoto. Nilimwona uso ukibadilika, ukawa kama ngozi ya ngoma iliyowekwa juani. Hakupiga kelele. Aliinama, akaikata kabari kwenye uzi wake, akaitia mfukoni mwa kanzu. Kisha akamwita baba kwa kidole mbele ya watu wote.

"Kasimu. Mnanitangazia aibu?"

"Watoto wanacheza, Bwana."

"Na ile nyingine pia itoke. Nisiione tena kwenye gari langu. Ukiniwekea kuni chini ya gurudumu mbele ya watu, utafute gari lako mwenyewe."

Baba alikuwa na mke na watoto na kazi moja. Akasema, "Ndiyo, Bwana." Jioni ile alitoa kabari chini ya kiti, akampa mama. Mama akaitia motoni siku moja mvua ilipofanya kuni kavu ziwe za shida, hakujua anachoma nini. Na kuhusu breki hakuna aliyeuliza. Bwana Nassoro alikuwa ameshatengeneza aibu yake, akaona gari limepona.

Haukupita muda mrefu. Tulikwenda Kidahwe kuchukua mawese, baba, Rama na mimi, na wakati wa kurudi akapakia akina mama wawili wanaokwenda Kigoma. Mimi nilikaa nyuma juu ya madebe ya mawese, yametoka kuchemshwa bado ya moto, kuyazuia yasimwagike. Mlima wa kabla ya Mwandiga gari lilipanda kwa kulia, na kufika kileleni rejeta ikachemka, mvuke ukafunika kioo. Baba akalisimamisha pale pale juu, mdomo wake umeangalia bondeni. Akatia gia, akazima. Akina mama wakashuka kunyoosha miguu. Nilimsikia anasema, "Rama, tafuta jiwe." Kisha akachukua kopo la maji akaenda mbele akafungua boneti.

Pale hapana mawe. Mnaopita njia ile mnajua sehemu zenye mawe na sehemu zenye mchanga, na pale ni mchanga mtupu. Rama akakimbilia korongoni, ng'ambo ya barabara.

Nilisikia kitu kama mtu amevunja kijiti. Gia imechomoka. Landrova ikaanza kwenda polepole sana, kwa adabu, kama inaomba njia. Baba angeweza kuruka pembeni. Akina mama wale walisema baadaye, wote wawili, kwamba alitazama kwanza kule nyuma nilikokuwa mimi. Akaweka bega. Alisukuma, miguu yake inachimba mchanga, kofia ikaanguka. Nilikuwa namwona kwenye upenyo kati ya boneti na kioo, bega moja tu. Lile bega la kucheka. Kisha sikuliona tena, gari likaruka kitu, likashika kasi, na mawese ya moto yakanimwagikia mguu, na korongo likatupokea.

Waliponitoa, mfupa wa mguu umevunjika na ngozi imeungua, mguu huu ninaouburuta mpaka leo, nilimwona Rama amesimama katikati ya barabara. Alikuwa amekumbatia jiwe. Kubwa, la kufaa kabisa. Alikuwa amelipata. Watu walimwambia aliweke chini, hakusikia. Ilibidi wanaume wamfungue vidole kimoja kimoja.

Bwana Nassoro alikuja msibani na gunia la mchele. Akakaa mkekani na wazee, akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Kazi ya Mungu! Mungu hakukata uzi wa mtu pale uwanjani, Mungu hana mfuko wa kanzu. Na polisi walipouliza, fundi Edwadi akasema breki zilikuwa nzima, ni dereva alizembea kuegesha. Wazee wetu wakainamisha vichwa. Uwanja ule wote uliocheka, wote walioona kwa macho yao mti mtupu na kuni, hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Mama naye akamtazama Rama siku ya arobaini, akasema neno ambalo najua alilijutia: "Na nyie na vigari vyenu." Basi.

Lilitosha. Rama aliitia landrova yake motoni, na kisu chake akakitupa ziwani. Hakuchonga tena. Akaenda kusini kwenye kambi za wavuvi, akakaa huko ujana wote, harudi ila kwa kuzika mtu. Aliporudi kwa kurudi kweli, alikuwa mgonjwa, akafia mikononi mwangu Ujiji, mtu wa mvi. Siku za mwisho alikuwa anaongea na ukuta. Siku moja akanigeukia, akili zake zote zimo. "Mwaju," akasema, "lau nisingeiweka ile kabari."

Mimi nikamvutia shuka begani, nikamwacha aamini hivyo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mguu. Kwa sababu na mimi niliamini hivyo hivyo. Miaka yote ile nilibeba moyoni kwamba tulimuua baba kwa kufananisha mno. Kwamba tungelifanya gari liwe la uongo kidogo tu, tungemwachia Bwana Nassoro heshima yake, kabari ingebaki chini ya kiti na baba angezeeka.

Mpaka Yusufu aliponiambia ile habari ya taa. Watu wameona kosa, wamelisema kwa sauti, na mwenye gari akalivunja akalitengeneza upya, akaomba radhi. Kwa unywele mmoja. Kwa kitu cha kuweka kabatini, ambacho hakitapanda mlima wala kubeba mtoto wa mtu juu ya madebe. Kumbe ndivyo inavyowezekana kufanywa! Kumbe mtu akionyeshwa ubovu wa gari lake, kuna njia nyingine zaidi ya kumnyang'anya anayeuonyesha. Rama alimwonyesha. Alimwonyesha kwa kipimo, kwa mafundo ya kamba, mbele ya ushahidi wa mji mzima, na Nassoro alikuwa na Idi nzima ya kuchagua atengeneze nini. Alichagua. Haikuwa kabari yetu, kaka yangu. Ungengoja kidogo tu, ningekuambia.

Yusufu alilijenga gari lake taratibu, jioni baada ya jioni, kwa kibano na gundi. Lilipokamilika akaliweka juu ya kabati la vyombo, kijani kizuri, taa karibu karibu. Mimi nikachukua mwiko uliovunjika, wa mninga, nikachonga kwenye mpini wake kwa kisu cha samaki. Mikono haijasahau. Nikapanda kigoda nikaisukumia kabari chini ya gurudumu la mbele.

Akanikuta hapo. "Mama, hiyo haikuja kwenye boksi."

"Boksi halijafika Kidahwe, mwanangu."

Nikamweleza. Si yote, kama nusu ya haya. Akaenda kuchukua rula yake. Nikadhani anataka kuitoa. Akaniuliza, "Ile yenyewe ilikuwa na urefu gani?" Nikamwonyesha kwenye mkono wangu, kutoka kiwiko mpaka ilipoishia kwenye kiganja cha baba alipokuwa anaibeba. Akapima mkono wangu, akapima gari, akapiga hesabu kwenye simu. Akaichukua kabari, akanirudishia na kisu.

"Ipunguze kidogo, mama. Hiyo imezidi."

Nikaipunguza, akapima tena, nikaipunguza tena. Alipoitikia kwa kichwa kwamba sasa ndiyo, niliirudisha mahali pake mwenyewe. Zainabu akaita kutoka jikoni kwamba migebuka inaungua. Sikuondoka. Nilisimama mbele ya kabati kwenye mguu wangu mmoja mzima, nikasema kwa sauti ile ya uwanjani, ingawa imekwaruza, na pale hapakuwa na mtoto hata mmoja wa kuniitikia:

"La kweli."